James Kirkman: Mtu Aliyesoma Biashara ya Pwani Katika Vigae

Mfanyabiashara wa Kigali anayeagiza sahani, bakuli na vikombe kutoka China huanza kuhesabu hasara tangu mzigo unaposhushwa Mombasa. Safari ni ya zaidi ya kilomita 1,600. Lori linapita Nairobi, linavuka mpaka wa Malaba, linapita Kampala na kuingia Rwanda kwa Gatuna. Katika kila shehena yapo maboksi yatakayofunguliwa na kukutwa na vigae vitupu. Kigae hakina bei sokoni. Hufagiliwa, kikatupwa.

Katika kisiwa hichohicho cha Mombasa, upande wa pili kutoka bandari ya Kilindini, kuna jengo ambamo vigae vya sahani na bakuli za China, Uajemi na Yemen vimewekwa kama mali. Jengo hilo ni Ngome ya Yesu, ambayo wengi huiita Fort Jesus. Aliyeifanya kuwa nyumba ya makumbusho, na aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kukusanya vitu vya aina hiyo, ni Mwingereza James Spedding Kirkman, aliyezaliwa mwaka 1906 na kufariki mwaka 1989.

Kirkman hakuwa mchuuzi, wala hakuwa tajiri wa kununua vyombo vya kale ili kupamba sebule yake. Alikuwa mwanaakiolojia. Kwa zaidi ya miaka 20 alichimba miji ya kale ya pwani ya Kenya. Miji hiyo haikuacha daftari la hesabu wala kitabu cha forodha, lakini iliacha vyombo vilivyovunjika, na kwa vyombo hivyo alionyesha bidhaa gani zilifika pwani, lini, na zilitoka wapi.

Maisha yake yanawahusu watu wanaovuka mipaka na bidhaa, kwa sababu swali lake kubwa lilikuwa lilelile la afisa wa forodha: mzigo huu umetoka wapi? Yanawahusu pia kwa sababu ya kitu kimoja ambacho yeye na watu wa enzi zake walikipa uzito mdogo kuliko kilivyostahili. Kitu hicho kilikuwa kimejaa ardhini walikochimba.

Mji ambao Wareno hawakuutaja

Kirkman alifika Gedi mwaka 1948, akiwa na umri wa miaka 42 hivi. Gedi iko karibu na Watamu, kilomita 16 hivi kusini mwa Malindi. Wakati huo ilikuwa magofu yaliyomezwa na msitu. Miti mikubwa ilikuwa imekaa juu ya kuta, na mizizi yake ilikuwa imepasua mawe. Chini ya miti hiyo kulikuwa na msikiti mkubwa, jumba la mtawala, nyumba za mawe ya matumbawe, visima virefu, makaburi yenye nguzo, na kuta za kuuzunguka mji.

Wagiriama wa maeneo hayo waliyajua magofu hayo vizuri na waliyaheshimu, wakiamini kwamba wenyewe wa zamani bado wapo humo. John Kirk, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza huko Zanzibar, alifika hapo mwaka 1884. Serikali ya kikoloni iliyatambua kuwa mahali pa kihistoria mwaka 1927, na mwaka 1948 yakawa hifadhi ya taifa. Kirkman ndiye aliyepewa kazi ya kuitunza na kuichimba. Yeye mwenyewe alikiri baadaye kwamba siku za mwanzo alijihisi anatazamwa kutoka nyuma ya kuta.

Kulikuwa na fumbo moja lililomsumbua kila aliyefika Gedi. Vasco da Gama alitia nanga Malindi mwaka 1498, na Wareno wakakaa katika mji huo karibu miaka 100. Waliandika barua na taarifa nyingi kuhusu pwani hii, wafalme wake, vita vyake na bei za bidhaa zake. Hata hivyo hakuna mahali walipoutaja mji mkubwa wa mawe uliokuwa mwendo wa nusu siku tu kutoka kwao. Hata jina la Gedi si la wakazi wake wa kwanza. Ni neno la Kioromo, lililokuja baada ya mji kuhamwa.

Mji huo ulijengwa lini? Watu wake waliishi kwa biashara gani? Waliondoka lini? Maandishi yaliyopatikana yalikuwa machache mno. Kaburi moja lilikuwa na mwaka 802 wa Hijria, yaani mwaka 1399 wa Miladi. Hiyo ni tarehe ya kifo cha mtu mmoja, na haiwezi kueleza umri wa mji mzima. Kirkman akageukia vigae.

Cheti cha asili cha kigae

Mchuuzi anayevuka mpaka ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki akiwa na bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000 anaweza kutumia cheti rahisi cha asili ya bidhaa. Karatasi hiyo inasema bidhaa imezalishwa wapi, na bila hiyo mzigo unakuwa na maswali. Kwa mwanaakiolojia, kigae kina cheti chake pia, ila hakijaandikwa kwenye karatasi. Kimo katika aina ya udongo, rangi, umbo la mdomo wa chombo, na michoro iliyofanywa kwa mkono wa fundi.

Vyombo vya Yemen vilivyofika pwani vilikuwa na rangi ya manjano na mistari myeusi. Vya Uajemi vilikuwa na rangi ya samawati na kijani, na vingine vilichorwa kwa kukwaruzwa kabla ya kuchomwa. Vya China vilikuwa vya namna mbili kubwa. Namna ya kwanza ni seladoni, vyombo vizito vya rangi ya kijani kama jani la mgomba changa, vilivyotoka sana katika matanuri ya Longquan. Namna ya pili ni kauri nyeupe iliyochorwa kwa bluu, kazi iliyoupa sifa mji wa Jingdezhen. Vyombo vya namna hizi vimesomwa kwa muda mrefu huko vilikotengenezwa. Mitindo yake inajulikana, na karne za mitindo hiyo zinajulikana pia.

Kisha kuna mahali kigae kilipolala. Anayepakia gunia anajua kwamba kilichotiwa kwanza kiko chini. Ardhi ya mji wa kale hufanya hivyohivyo. Watu hujenga sakafu, hutupa takataka, hujenga sakafu nyingine juu yake, na tabaka la chini huwa la zamani kuliko la juu. Kirkman alichimba tabaka baada ya tabaka, akitenga vigae vya kila moja. Kigae kipya kuliko vyote katika tabaka ndicho kilichompa jibu, kwa sababu sakafu haiwezi kuwa ya zamani kuliko sahani iliyofukiwa chini yake.

Kwa njia hiyo aliona seladoni ikitamalaki katika matabaka ya karne ya 14, halafu kauri ya bluu na nyeupe ikipanda na kuchukua nafasi yake katika karne zilizofuata. Aliweza kusema kwamba msikiti mkubwa ulijengwa karne ya 15, na kwamba mji ulihamwa kabisa mwanzoni mwa karne ya 17. Uchimbaji wa baadaye, ukiwemo wa Mfaransa Stéphane Pradines, umeonyesha kuwa watu waliishi hapo tangu zamani zaidi ya alivyodhani Kirkman. Lakini njia aliyotumia haikukataliwa. Bado ndiyo inayotumika.

Ndiyo maana Kirkman na wenzake waliwaona kuwa adui wale waliong'oa bakuli kutoka makaburini. Kando ya pwani yote, kuanzia Mambrui hadi Kunduchi karibu na Dar es Salaam, watu wa kale walipachika bakuli na sahani za China katika nguzo na kuta za makaburi ya wakubwa wao. Nyingi kati ya hizo zimeng'olewa na kubaki matundu matupu kwenye chokaa. Bakuli likiwa kaburini husema ni nani alizikwa karibu na karne gani, na alikuwa na uwezo kiasi gani. Bakuli hilo likiwa mezani kwa mnunuzi, bila habari ya lilikotoka, linabaki bakuli tu. Limepoteza cheti chake, na hakuna ofisi inayoweza kulitolea kingine. Leo Sheria ya Makumbusho na Urithi ya Kenya ya mwaka 2006 inazuia vitu vya kale kutolewa nchini bila kibali. Mchuuzi anayeletewa sahani ya zamani kwa bei ya kutupa katika mji wa pwani anatakiwa kuuliza swali la Kirkman kabla ya kutoa pesa.

Moto, majivu na chumvi

Kwa nini sahani idumu ardhini miaka 600 wakati nguo, mbao na ngozi zimeoza? Jibu liko kwenye tanuri. Chungu cha kawaida huchomwa kwa moto wa wazi wa nyasi na kuni, na udongo wake hubaki na vitundu vinavyopitisha maji. Wachina walijenga matanuri marefu yaliyopanda mlima kama nyoka, yenye moto unaofika nyuzi 1,200 za Selsiasi na zaidi. Katika joto hilo udongo unaofaa hukaza na kuwa kama jiwe, na majivu na madini yaliyopakwa juu yake huyeyuka yakawa ngozi ya kioo.

Wajerumani wa bonde la mto Rhine walifika mahali hapohapo kwa njia yao. Moto ulipofika kileleni, mfinyanzi alirusha chumvi ya kawaida, ileile ya jikoni, ndani ya tanuri. Chumvi iligeuka mvuke, mvuke ukashikana na udongo, na mtungi ukatoka na ngozi inayong'aa yenye vijipele vidogo kama ganda la chungwa. Mitungi hiyo ya kijivu, iliyochorwa maua na wanyama kwa bluu, ilifanywa na familia zilizorithishana kazi vizazi kwa vizazi. Wafinyanzi wahamiaji walipeleka ufundi huo Uingereza na Marekani, na hadi leo wako watu wanaoitafuta mitungi ya familia fulani, wakisoma muhuri wa fundi chini yake kabla ya kukubali bei.

Mkusanyaji wa namna hiyo hutaka chombo kizima na muhuri usiofutika. Kirkman mara nyingi hakuwa na kimoja wala kingine. Alikuwa na kipande cha mdomo wa bakuli, au kitako cha sahani kisichozidi kiganja, na humo akatafuta yote.

Nyumba zenye majina ya bidhaa

Nyumba za Gedi hazikuwa na majina tena. Kirkman na watu waliochimba naye walizipa majina mapya, na nyingi ziliitwa kwa kitu kilichokutwa ndani. Mgeni anayetembelea magofu hayo leo bado hukuta majina hayo. Kuna Nyumba ya Sarafu za Kichina. Kuna Nyumba ya Bakuli la Kauri, Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Sanduku la Pembe, Nyumba ya Simbi, na Nyumba ya Ushanga wa Venice.

Kwa mtu wa biashara, orodha hiyo inasomeka kama hati ya shehena. Ushanga umetoka Ulaya, ukapita mikono ya wafanyabiashara wa Misri na bahari ya Shamu. Sarafu zimetoka China, nchi ambayo mwaka 1415 ilipokea twiga aliyepelekwa kutoka Malindi. Simbi zimetoka baharini, na ndizo zilizokuwa fedha katika masoko mengi ya bara, yakiwemo ya nchi za maziwa makuu. Pembe za ndovu zilitoka bara na kuuzwa ng'ambo.

Hakuna haja ya kudhani kwamba mtu mmoja alitoka China na bakuli mkononi hadi Gedi. Bidhaa zilikwenda kwa vituo, kama zinavyokwenda leo. Chombo kilitoka China hadi Malaka, kikauzwa. Kilitoka hapo hadi India au Hormuz, kikauzwa tena. Jahazi likangoja kaskazi likaja nalo pwani ya Afrika, na kusi ilipoanza likarudi na pembe, dhahabu, boriti, na pia watu waliouzwa utumwani. Kila kituo kiliongeza bei. Bakuli lililofika Gedi bila ufa lilikuwa limeponea mikono mingi, na ndiyo maana aliyekuwa nalo alitaka lionekane hata kaburini kwake.

Kirkman hakuishia Gedi. Alichimba Kilepwa, Takwa katika kisiwa cha Manda, Mnarani ya Kilifi, na Ungwana karibu na mlango wa mto Tana. Alivuka hadi Ras Mkumbuu kisiwani Pemba. Kila mahali alitoa taarifa yenye orodha za vigae, aina kwa aina, na hivyo mchimbaji wa mji mmoja aliweza kulinganisha mzigo wake na wa mji mwingine. Kabla yake, habari za pwani ziliandikwa zaidi kwa kutegemea tarehe za masimulizi ya wafalme na barua za wageni.

Kutoka gereza hadi makumbusho

Mwaka 1958 alipewa kazi nyingine. Ngome ya Yesu ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Waomani waliizingira kuanzia mwaka 1696 na kuitwaa mwezi Desemba 1698. Waingereza waliigeuza gereza mwaka 1895, na kwa miaka 63 watu wa Mombasa waliijua ngome hiyo kuwa mahali pa kufungiwa.

Wafungwa walipohamishwa, Taasisi ya Gulbenkian ya Ureno ilitoa fedha za ukarabati, na Kirkman akaanza kuondoa kuta za gereza na kuchimba chini yake. Humo alikuta mabaki ya Wareno, Waomani na Waswahili yaliyopangana, pamoja na vyombo vya kauri vya karne ya 17 na 18. Mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru wa Kenya, ngome ilifunguliwa kuwa makumbusho, naye akawa msimamizi wake hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Hata alipokaribia kustaafu hakuacha. Mwaka 1972 alichapisha habari za meli ya Kireno iliyozama mbele ya ngome. Ilikuwa Santo António de Taná, iliyopelekwa kuokoa waliozingirwa na ikazama mwaka 1697. Kuanzia mwaka 1977 hadi 1980 wapiga mbizi wakiongozwa na Robin Piercy waliichimba meli hiyo chini ya maji, na humo mlitoka vyombo vingine vingi vya udongo na kauri. Kitabu chake kikubwa kuhusu ngome kilitoka mwaka 1974.

Chungu kisicho na nyumba yake

Katika orodha ya nyumba za Gedi kuna kitu hakimo. Hakuna Nyumba ya Chungu. Lakini vyungu vilikuwa katika kila nyumba. Vigae vingi vilivyotoka ardhini katika miji hii yote si vya China wala Uajemi. Ni vya vyungu vya kupikia, mitungi ya maji na bakuli za udongo zilizofinyangwa papo hapo pwani kwa mikono, zikachorwa kwa mistari na pembetatu, zikachomwa kwa moto wa wazi.

Kirkman aliviona. Alivipanga kwa aina na kuviweka katika taarifa zake, na katika hilo alifanya zaidi ya wengi waliomtangulia. Lakini tarehe alizipata kwa vyombo vya ng'ambo, na jina la mji alilitoa kwa kufuata vitu vya ng'ambo pia. Kitabu chake cha mwaka 1954 kiliita Gedi mji wa Kiarabu. Hayo ndiyo yaliyokuwa mawazo ya wakati wake, kwamba palipo na msikiti wa mawe na bakuli la China, wajenzi lazima walitoka ng'ambo.  

Waliofuata walikwenda mbali zaidi, na chungu ndicho kilichowaongoza. Mark Horton alichimba Shanga, katika kisiwa cha Pate, katika miaka ya 1980. Chini ya misikiti ya mawe alikuta misikiti midogo zaidi ya udongo na miti, na chini yake makazi ya karne ya 8 yaliyojaa vyungu vya kienyeji, huku vyombo vya kigeni vikiwa sehemu ndogo tu. Mtanzania Felix Chami alionyesha kwamba vyungu vyenye michoro ya pembetatu vilienea pwani na bara vilevile. Mkenya George Abungu, aliyekuja kuongoza Makumbusho ya Taifa ya Kenya, alirudi bonde la mto Tana, ambako Kirkman alikuwa amechimba Ungwana. Alifuatilia uhusiano wa miji ya pwani na watu wa kando ya mto.

Jibu lao liligeuza hesabu. Miji ya pwani ilianzishwa na watu wa hapa, waliofinyanga, kuvua, kulima na kufua chuma, kisha wakapokea dini, ndoa na bidhaa kutoka ng'ambo. Bakuli la China lilikuja kwa sababu mji ulikuwepo tayari na ulikuwa na cha kuuza. Si bakuli lililouleta mji.

Haki inataka isemwe kwamba waliomsahihisha Kirkman walimsahihisha kwa kazi yake mwenyewe. Angekuwa mtu wa kuokota bakuli nzuri na kutupa vigae vya vyungu, wasingekuwa na cha kulinganisha. Aliandika namba, tabaka na aina, hata za vitu ambavyo hakuvipa nyumba.

Chungu kisichojua mpaka

Mwaka 1948, Kirkman alipoanza kazi Gedi, taarifa nyingine ilichapishwa kuhusu vyungu vya upande wa pili wa Kenya. Mary Leakey, Louis Leakey na W. E. Owen walieleza vyungu vya kale vilivyokutwa karibu na Ziwa Victoria, vyenye kibonyeo kitakoni kama alama ya kidole gumba. Baadaye vilipewa jina la Urewe, kijiji cha Siaya. Vyungu vya jamii hiyohiyo vimekutwa Uganda, Kagera, Burundi, Kivu na Rwanda. Nchini Rwanda vilielezwa katika miaka ya 1950 na Mbelgiji Jean Hiernaux, na umri wake unafika takriban miaka 2,000. Waliovifinyanga walifua chuma na kulima, na ufundi wao ulikwenda walikokwenda watu. Hapakuwa na Gatuna wala Rusumo wakati huo.

Ufinyanzi haujaisha nchini Rwanda. Inkono ya kupikia na ikibindi cha maji au pombe bado vinafinyangwa bila gurudumu, kwa kamba za udongo zinazopandishwa duara juu ya duara. Kwa muda mrefu kazi hiyo imekuwa mikononi mwa Abatwa, watu waliolipwa kidogo kwa kazi iliyotumika katika kila boma. Sufuria ya bati na ndoo ya plastiki vimewapunguzia soko. Makumbusho ya Huye, yaliyofunguliwa mwaka 1989, yanahifadhi vyungu vya namna hiyo pamoja na kazi nyingine za mikono za nchi. Mwaka huohuo Kirkman alifariki.

Gedi iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwezi Julai 2024, miaka 13 baada ya Ngome ya Yesu. Wageni hupita katika Nyumba ya Bakuli la Kauri na Nyumba ya Sarafu za Kichina, wakistaajabu jinsi biashara ilivyofika mbali. Ilifika mbali kweli, na James Kirkman ndiye aliyewaonyesha. Lakini aliyenunua bakuli hilo, jioni ile alikula chakula kilichopikwa katika chungu cha jirani yake. Fedha za kununulia bakuli zilitokana na pembe, boriti na mazao ya watu wa hapahapa. Kwa wanaohesabu vyombo vilivyovunjika Nyabugogo, na kwa wanaobeba vyungu vya Rwanda kuvuka mpaka kwa cheti rahisi cha asili, biashara hiyo bado ni ileile.